Nassibu na Kofia ya Bwana Usafirishaji

Kijiwe chetu miaka ile kilikuwa Gongoni, ubavuni mwa kibanda changu cha kushonea viatu. Benchi lilikuwa mbao mbili za mninga zilizolazwa juu ya mawe, na aliyechelewa alikalia debe. Abasi muuza kahawa alitua hapo baada ya sala ya alasiri na dele lake na kashata zake, na akishatua yeye, kazi yangu ya viatu ilikuwa imekwisha kwa siku hiyo, maana hakuna aliyeniacha nishone. Alikuwapo Mzee Mfaume, tuliyemwita Pembe kwa kuwa baba yake alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, na habari hiyo hukuhitaji kumwuliza, alikupa mwenyewe. Alikuwapo Masele, yaani Reli, aliyepunga bendera stesheni maisha yake yote na kuzungumza utadhani aliendesha treni. Na alikuwapo Raymundi, yaani Kongo, aliyevuka ziwa mara moja akarudi na miwani ya jua. Mimi waliniita Gundi. Wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki isipokuwa mimi, na nikipita pale Gongoni siku hizi naona uchungu.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, kiangazi, msimu wa kusomba tumbaku. Madereva wote waliojiona wanaume walikuwa wamekimbilia njia ya Zambia kupeleka mafuta, na hapa Tabora malori yalilala bila watu. Ungedhani mwenye leseni angevutwa mkono njiani. Basi siku hiyo akaja Nassibu, mtoto wa Mwanne wa Itetemia, amevaa shati la kunyooshwa na uso wa msibani, akakalia debe.

Nassibu: Shikamooni wazee.

Pembe: Marahaba. Mbona hivyo, nani kafa?

Nassibu: Nimekataliwa tena. Huyu wa tatu.

Reli: Kakwambiaje?

Nassibu: Kama wenzake. Anataka mtu mwenye uzoefu wa lori. Nikamwonyesha leseni, akasema leseni ni karatasi, hata yeye ana karatasi.

Kongo: Kwani wewe umewahi kuendesha nini hasa?

Nassibu: Trekta. Msimu mmoja wa mvua, kijiji cha ujamaa kule Urambo. Lori ni siku ya mtihani tu, tulizunguka uwanja.

Mimi: Sasa huo uzoefu mtu ataupata wapi, kama kila mwenye lori anautaka kabla hajakupa lori?

Nassibu: Ndiyo hapo, mjomba. Kesho asubuhi naonana na bwana usafirishaji wa ushirika wa tumbaku. Ndiye wa mwisho mji huu. Akinikataa narudi kulima, na mimi lori nimelitaka tangu sijajua kufunga vifungo.

Alisema hivyo akitazama chini, na nikaona kijana hatanii. Wenzangu nao wakaona. Wakasogeza makalio, wakajiweka sawa.

Reli: Mimi nakwambia ukweli. Anza utaniboi. Kaa juu ya mzigo, weka gogo tairi likisimama, pikia dereva chai. Baada ya miaka saba hivi atakuachia usukani akienda haja.

Nassibu: Miaka saba, baba?

Reli: Sisi reli ndivyo tulivyokuwa. Mtu anapangusa injini mpaka anapata wajukuu.

Kongo: Ndiyo maana ukastaafu na bendera mkononi.

Abasi: Kahawa jamani. Msigombane na midomo mikavu.

Kongo: Sikiliza, Nassibu. Kule Kongo hakuna anayeulizwa miaka. Tajiri anakunusa tu. Ukinuka dizeli, kazi yako. Kesho kabla hujatoka tafuta dizeli kidogo, jipake mikono ya shati na nyuma ya masikio.

Mimi: Nyuma ya masikio dizeli inafikaje?

Kongo: Dereva mzoefu analala chini ya gari. Inafika.

Reli: Hapo kasema kitu. Lakini harufu peke yake haitoshi. Kuna mguu.

Nassibu: Mguu gani?

Reli: Mguu wa klachi. Dereva wa siku nyingi, mguu wake wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa nguvu, kwa hiyo akitembea anakwenda upande. Mwangalieni dereva yeyote pale sokoni.

Kongo: Kweli. Na mkono wa kulia umeiva kwa jua, maana ndio wa dirishani.

Reli: Simama, kijana. Tembea mpaka kwa fundi baiskeli urudi. Kanyaga kushoto.

Nassibu akasimama, akawa anakwenda na kurudi mbele yetu, akichechemea. Reli akamwambia hapana, huko ni kutembea kwa mtu aliyechomwa na mwiba. Akarudia. Kongo akasema sasa anatembea kama mwenye bega bovu. Mama mmoja aliyepita na kapu la mboga akampa pole, akauliza kama amekwenda hospitali. Walirudia mpaka jasho likamtoka, na mimi nilicheka hadi nikajichoma sindano niliyokuwa sijaiweka chini.

Pembe: Mmemaliza? Mnamfanya mtoto wa watu kiwete anayenuka mafuta.

Reli: Haya, toa yako.

Pembe: Baba yangu safari yake ya kwanza alikuwa hajabeba hata kuni za maana. Mkuu wa msafara hakumwuliza umebeba miaka mingapi. Alimshika bega, akalibonyeza, akasema wewe chukua mikeka na sufuria. Mgeni wa njia alipewa mzigo mwepesi, akawekwa katikati ya wazoefu wawili. Wa mbele anamwambia hapa shimo, wa nyuma anamwambia tembea. Kufika Ugogo naye mpagazi.

Kongo: Kisha tena Bagamoyo. Tunajua.

Pembe: Hamjui. Alifika pwani nyayo zimepasuka, hawezi kusimama. Akatokea Mzaramo, hawajawahi kuonana. Akamtukana, akamwita mtumwa wake, akamnyang'anya mkeka. Halafu akachota maji akamwosha miguu, akampa wali. Ndugu yake baba alifia kulekule pwani, na watani ndio waliomwosha na kumzika. Njia ile ndiyo iliyotufanya watani, sisi Wanyamwezi na wao Wazaramo. Baba alinisimulia hayo akiwa mzee sana, na alikuwa akilia.

Kongo alivua miwani. Pembe alikuwa na maneno mengi, lakini hayo ya miguu ya baba yake hakuwahi kutuambia, na tulikaa naye miaka.

Mimi: Yote sawa, mzee wangu, lakini ofisi ya ushirika si Bagamoyo.

Pembe: Huyo bwana usafirishaji katokea wapi?

Abasi: Pwani. Kahamishiwa juzijuzi. Bwana Lukumani. Mimi nampelekea kahawa pale bohari. Nazi zake zinaletwa kwa treni, anasema wali bila nazi ni adhabu ya serikali.

Pembe: Nazi?

Abasi: Nazi.

Pembe: Basi Mzaramo huyo. Mtani wetu. Kazi imekwisha.

Reli: Imekwishaje?

Pembe: Nassibu, kesho usipige hodi. Ingia. Kofia yake ikiwa mezani, ivae. Kiti chake kikiwa wazi, kikalie, miguu juu. Mwambie, wewe mtumwa wa babu yangu, funguo za lori langu ziko wapi.

Nassibu: Akinifukuza?

Pembe: Mtani hana pa kukasirikia. Na haruhusiwi kukuacha utoke mikono mitupu, ni aibu kwake. Atatafuta cha kukupa. Pale ofisini kuna nini cha kutoa zaidi ya funguo?

Mimi: Ngoja kwanza. Tumeambiwa tuache mambo ya kuulizana makabila, sote wananchi.

Kongo: Kwani tunamwuliza? Tunajua.

Reli: Kwa hiyo anaingia akichechemea?

Kongo: Anachechemea, ananuka, halafu anatukana. Hakuna dereva mzoefu kuliko huyo kutoka hapa mpaka Kigoma.

Nilimsindikiza Nassibu hatua chache alipoaga. Nikamwambia aachane na wazee, aende akaseme ukweli wake. Akanijibu taratibu kwamba ukweli ameusema kwa watu watatu na wote watatu wamemfukuza.

Kesho yake alasiri tulikuwa kijiweni mapema, hata Abasi hajafika. Nassibu haonekani. Kongo akasema kawekwa ndani. Reli akasema hapana, kapewa lori papo kwa papo na sasa yuko njia ya Kigoma, amepitiliza. Pembe alikuwa akizungusha tasbihi vidoleni, na nilijua anajuta.

Ndipo tuliposikia gia zikilia upande wa stesheni. Likaja Bedford la kijani, linakwenda kwa kuruka, kuku wa jirani wanakimbia. Likasimama mbele yetu kwa mshtuko, likazimika lenyewe. Nyuma ya usukani alikuwa Nassibu, na kichwani ana kofia ya watu, inamfika kwenye nyusi. Upande wa pili akashuka mtu wa makamo, mnene kiasi, kichwa wazi.

Lukumani: Shikamooni wazee wangu. Nimeambiwa hapa ndipo chuo cha udereva.

Hakuna aliyeitikia vizuri. Abasi, ambaye ndiyo kwanza anatua dele, akamimina kahawa haraka akampa.

Lukumani: Nani mwalimu wa kuchechemea?

Reli akatazama mawingu, na mawingu yenyewe hayakuwapo.

Lukumani: Na wa dizeli? Ofisi yangu mpaka sasa haikaliki.

Pembe: Kama kuna kosa ni langu, mtani wangu. Hawa wengine ni wapiga kelele tu.

Lukumani: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kijana kaingia bila hodi, kavaa kofia yangu, kakalia kiti changu, kaniita mtumwa wa babu yake. Nilishanyanyuka kumwita mlinzi. Halafu nikaona amekalia ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kukimbia. Nikamwuliza, nani kakwambia mimi mtani wako? Akasema ni wazee, kwa sababu ya nazi.

Kongo: Kwani wewe si Mzaramo?

Lukumani: Bibi yangu ndiye Mzaramo, mzaa baba. Babu yangu Mnyamwezi. Alitoka hapahapa na msafara.

Kikombe kikasimama mkononi mwa Pembe. Matusi yale kwa mtani ni mapenzi, lakini kwa ndugu yako ni matusi kweli, na zamani mtu alilipishwa kondoo.

Reli: Basi tumemtukana mwenzetu.

Pembe: Nusu. Upande wa bibi tusi ni halali. Upande wa babu tunaomba radhi, mwanangu, tena sana.

Lukumani: Basi kofia naiacha kwa upande wa bibi. Kiti nimekirudisha.

Hapo tukacheka wote, na Nassibu akashuka, akaja kukalia debe lake akiwa bado anachechemea kwa mazoea. Mimi sikuweza kungoja.

Mimi: Na kazi, bwana? Huyu kapata au hakupata?

Lukumani: Nilimwambia sasa niambie umeendesha nini kweli. Akasema trekta, akihamisha vyombo vya watu kwenda kijiji kipya. Nikamwuliza alivunja nini. Akasema mtungi wa bi mmoja, Bi Minza. Akanieleza korongo ulipovunjikia, na jinsi yule bi alivyoviokota vigae bila kumlaumu, na kwamba tangu siku ile kila akifika kwenye korongo anausikia mtungi ule. Nikasema huyu marobota ya tumbaku nitampa.

Reli: Kwa mtungi?

Lukumani: Nimekaa na madereva wengi, mzee wangu. Wengi hawakumbuki hata mtu waliyemgonga. Tumetoka naye mpaka Ndono na kurudi. Gia anaziumiza, ataziumiza kwa muda. Mlima wa pili alizima injini, akaomba radhi, nadhani alikuwa anaiomba injini. Kesho anaanza. Anabeba magunia matupu kupeleka Urambo, mbele yake lori la mzoefu na nyuma yake lori la mzoefu.

Pembe akaweka kikombe chini.

Pembe: Nani kakufundisha kumweka hivyo?

Lukumani: Babu. Alisema safari yake ya kwanza walimweka katikati.

Nassibu alikuwa amejifunika macho kwa ile kofia. Nilidhani anacheka, kumbe kijana analia, na sikumlaumu. Abasi akamzungushia kahawa mgeni mara ya pili, asitake hata senti. Bwana Lukumani akakishika kikombe kwa mikono miwili, akawa hanywi.

Lukumani: Wazee wangu, mimi niliomba mwenyewe kuletwa Tabora. Wenzangu walinicheka, walisema huko kuna vumbi na tumbaku tu. Babu aliitwa Shilinde. Safari yake ile ya kwanza ndiyo ikawa ya mwisho. Aliugulia pwani, wenzake wakarudi wakamwacha, akaozwa, akabaki. Kila mwaka alisema kiangazi kikifika narudi kwetu. Alisema hivyo mpaka tunamzika. Neno la huku lililonifikia mimi ni moja tu, wabeja, ndivyo alivyoshukuru kila akipewa maji. Ninyi ni watu wa hapa, na mnajua mengi. Kwao Shilinde ni wapi?

Benchi lile lilikuwa na jibu la kila kitu. Ungeuliza kwa nini mvua imechelewa, au namna ya kumtibu ngamia, ungepewa majibu manne na ngamia hatujawahi kumwona. Kongo angeweza kusema Puge. Reli angeweza kusema Kwihara, na kuonyesha kwa kidole. Naye angewaamini, angekwenda kesho yake na ubani wake kupiga magoti kwenye kaburi la watu wengine. Pembe alifungua mdomo, na mimi nikaogopa, kwa maana hadithi nzuri angeipata bila taabu. Akaufunga. Tulikaa hivyo, watu wazima wanne, tunatazama miguu yetu. Niliwapenda wenzangu siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Pembe: Hatujui, mwanangu. Waliondoka wengi mno.

Abasi aliinua dele kuongeza, yakatoka mashapo. Siku nyingine angetangaza kwa sauti kwamba kahawa imekwisha na kila mtu aende kwake. Siku hiyo alilirudisha jikoni kimya kimya.

Nassibu: Mimi nitauliza.

Lukumani: Utamwuliza nani?

Nassibu: Kila nitakaposimama. Ndono, Usoke, Urambo. Mzigo ukipakiwa dereva anakaa tu.

Basi ndivyo alivyoanza. Alikwenda kesho yake na magunia yake matupu, katikati ya malori mawili, na Mwanne mama yake alikuja kijiweni kutushukuru, jambo lililotutia haya. Na kweli aliuliza. Kila kituo cha kununulia tumbaku, wapakiaji wakibeba, yeye aliwafuata wazee akiwauliza kama upo ukoo uliopotelewa na Shilinde aliyekwenda pwani. Majibu aliyapata mengi kupita kiasi. Kila kijiji kilikuwa na wake asiyerudi, huyu jina hili, yule jina lile, na wazee wakamwomba naye huko mjini awaulizie. Alipohamishiwa njia ya Nzega akauliza mpaka Puge. Gia zikaacha kulia, mkono wake wa kulia ukaiva kwa jua, akawa dereva ambaye wenzake wanampisha njia, na nyumba ya Shilinde hakuipata. Ila watu wa barabarani, kwa kumsikia kila safari na jina lilelile, wakampachika jina hilo yeye mwenyewe. Nassibu likabaki jina la kuitwa na mama yake na sisi wa kijiweni.

Miaka ikaenda, Bwana Lukumani akapata uhamisho wa kurudi pwani. Safari ya mwisho ya kukabidhi bohari la Urambo alipelekwa na Nassibu, nami nikadandia, nilikuwa nafuata ngozi. Tulipokaribia Usoke watoto walilitambua lori kwa mlio. Wakatoka kila upande, na mama zao nyuma yao, wanapiga makofi, wanapiga kelele kwamba Shilinde kaja, Shilinde kaja. Nassibu akapunguza mwendo. Bwana Lukumani akamshika mkono akamwambia asimame. Hakushuka. Alikaa palepale kitini kati yetu, anatokwa na machozi na wala hayafuti, na watoto wakalizunguka lori wakiliita lile jina. Nassibu akazima injini ili awasikie vizuri.